Kaniki ya Saa Nne

Asubuhi mimi ni muuza vitumbua, Dunda.
Saa nne kasorobo namwachia Siwema karai,
nachukua mfuko wangu: kaniki, kinu kidogo,
mnyororo wa kufungia baiskeli
(ule wa kweli uko makumbusho, hawaazimi).

Darasa la sita. Watoto themanini na mmoja,
dawati la watatu limebeba watano.
Mwalimu Kihiyo anasema, "Nyamazeni, mgeni amekuja,"
nami naelekea ukutani, najifunga kaniki kifuani,
na nikigeuka, mgeni kweli amekuja.

Naitwa Zafarani, nawaambia.
Jina hili hakunipa mama. Ni la aliyenilipia.
Watu wake aliwaita kama anayepanga kapu la sokoni:
Karafuu, Machungwa, mimi Zafarani.
Lile la mama nililimeza njiani, kabla ya Mpwapwa,
asije mtu akaniuza pamoja nalo.

Natwanga. Kinu hakina kitu.
Walioko nyuma wanasimama wapate kuona unga.

Usiku, nawaambia, mchi ukilia mara tatu ukanyamaza,
ujue ghala halina mlinzi.
Wa kwanza nilimfunika makumbi ya nazi,
mwanamke mwenye mimba,
nikamnong'oneza, "Ukipiga chafya, tumekufa watatu."
Hakupiga. Akavuka mashamba,
akawafikia watoro nyuma ya boma lao la miti.
Na kila aliyevuka baada yake
nilimfungia punje ya mtama kwenye pindo.

Nafungua pindo. Nahesabu mbele yao, taratibu,
hadi kumi na saba.
Moja huanguka, karibu kila mara, wala sikusudii,
na darasa zima linapiga magoti
kumtafuta mtu mmoja chini ya madawati.

Mtaniuliza kama alikuwepo.
Karatasi niliyoonyeshwa ilikuwa na mstari mmoja:
mjakazi, mtu mzima, mkaidi.
Jina hakuna. Bei imekatwa kwa wino mwingine.
Jina nimelitunga. Punje nimezitunga.
Ukaidi sikuutunga.

Leo msichana wa dawati la tatu, Sikudhani,
kalamu sikioni kama fundi seremala,
hakuuliza kama mnyororo unauma, waulizavyo wote.
Ameuliza, "Na kwenu, bibi,
waliuza au waliuzwa?"

Mwalimu akakohoa.
Mji huu, swali hilo huulizwi hata na mposaji;
atakwenda kwa jirani yako, ataliuliza kwa sauti ya chini,
na posa itarudi bila sababu.

Bibi mzaa baba alisema sisi ni Washirazi, basi.
Na kaniki haikulala ndani ya nyumba yake hata usiku mmoja.
Nilipokuwa mdogo nilidhani ni usafi.
Alipokufa tukafungua kasha:
kanga thelathini na tatu, nyingine hazijapindwa,
nyekundu, za manjano, zenye maneno ya kumchoma mke mwenza,
nyeusi hakuna.
Ung'ongo haumtishi asiyewahi kuumwa.

Lakini pia kulikuwa na ile nyumba ya mawe,
tuliyosema ni yetu, kabla haijauzwa.
Nani aliichomea chokaa?
Nani alibeba?

"Sijui," nikamwambia Sikudhani.
Sauti haikuwa ya Zafarani, ilikuwa yangu,
ya muuza vitumbua, imekwama kidogo.
"Pengine mkono mmoja ulipima bei
na mwingine ukapimwa.
Nami ninayo yote miwili, hii hapa."

Nikainyoosha. Wakaitazama.
Mmoja akacheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.
Sikudhani akaandika kitu, muda mrefu,
kirefu kuliko nilichosema.

Kengele ikalia. Nikakunja kaniki, nikahesabu:
kumi na sita.
"Usihangaike," akasema Mwalimu, "wa zamu watafagia jioni."

Nikamwomba, leo tu, wasifagie.